Lala Kifudifudi, Usisalimie Mtu

Kila anayesikia kwamba nadungwa sindano za Kichina huniuliza swali lilelile: zinauma? Hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza habari za chupi. Na habari yenyewe ndiyo hiyo. Mtu atajiandaa wiki nzima, atasoma, atauliza majirani, atasali, kisha atafika na suruali ya jinsi iliyombana hadi kwenye vifundo, aambiwe aupandishe mguu wa suruali juu ya goti. Haupandi. Basi avue. Akivua, wote waliomo ndani ya lile pazia, yaani daktari, mkalimani na sista mwenye trei, wanapata kujua kwamba boksa yake ina tundu ambalo mkewe amelipigia kelele tangu Ramadhani iliyopita.

Kwa hiyo sindano baadaye, kwanza nguo. Vaa suruali pana ya kitambaa chepesi, na ndani yake kaptura ya heshima. Akina mama wametuzidi hapa: dera linapanda, linashuka, linafunika, wala halimsumbui mtu. Niliwahi kulisikia gauni la ofisini, lile la zipu ya mgongoni, likifanyiwa mashauriano na watu watatu upande wa pili wa pazia, mpaka ikaazimwa kanga mapokezi. Kanga yenyewe ichukue hata kama wewe ni mwanamume. Vitanda vya pale hutandikwa shuka la karatasi, na mwanamume aliyelowa jasho akiinuka huondoka nalo.

Mimi nilipelekwa huko na mgongo. Kazi yangu ni kukaa. Nasahihisha maandiko ya watu tangu asubuhi mpaka jua linazama, kwenye kiti ambacho ofisi ilikinunua kwa zabuni, na aliyewahi kukalia kiti cha zabuni hahitaji maelezo zaidi. Hospitali walinipiga picha, wakaona mifupa iko mahali pake, wakanipa dawa za maumivu na mazoezi ya viungo. Nyumbani kila mtu akageuka daktari. Shangazi alileta chupa ya mafuta ya nyonyo na masharti ya kusugua. Jirani akashauri hijama. Shemeji akasema nimerogwa na mtu wa ofisini, tena akamtaja. Dereva wetu wa kazini ndiye aliyemaliza mjadala: "Bosi, nenda kwa Wachina."

Kwenda kwa Wachina si jambo geni kwetu. Timu ya kwanza ya madaktari kutoka China ilifika Zanzibar mwaka 1964, na ni jimbo la Jiangsu ambalo limekuwa likileta madaktari Unguja na Pemba miaka yote hiyo. Bara walianza 1968, hao wakitoka jimbo la Shandong. Kwa maneno mengine, walianza kutushika mapigo kabla hawajatutandikia reli ya TAZARA, ambayo ujenzi wake ulianza 1970. Siku hizi, mbali na hao wa serikali, mjini zimejaa kliniki za binafsi, na mojawapo iko ghorofani Kariakoo, juu ya duka la vitambaa. Daktari wake ni mama wa makamo, mwembamba, haraka hana. Kiswahili chake ni cha maneno machache lakini yote ya kazi: "lala", "uma?", "bado?", "tulia, baba". Yaliyobaki humalizwa na mkalimani, kijana mpole aliyesoma China, ambaye Mwenyezi Mungu alimpa sauti ya kutangazia mechi ya watani wa jadi.

Sauti hiyo ikumbuke, nitairudia.

Kabla hujaguswa na sindano yoyote, daktari atataka kuuona ulimi wako na kukushika mapigo ya mikono yote miwili, vidole vitatu vitatu, macho yamefumba. Katika tiba yao ya asili ulimi husomwa rangi yake, utando wake, nyufa zake, hata namna unavyotetemeka. Sasa mke wangu, ambaye kipandauso kimemsumbua miaka, alifuatana nami siku moja akajaribu bahati yake. Foleni ilikuwa ndefu, na pale chini mlangoni kuna mama anauza ubuyu wa Zanzibar, ule mwekundu wa kutisha. Zamu ikafika.

"Toa ulimi."

Akautoa. Daktari akasogea. Akawasha tochi ya simu. Akatoka, akarudi na mwenzake wa chumba cha pili, wakainama wote wawili wakisemezana chini kwa chini. Mkalimani akatugeukia, uso umemshuka: "Wanasema mama ana joto kali sana ndani ya mwili. Wanauliza homa hii ameanza lini." Mke wangu akajibu ulimi ukiwa bado nje, kwa hiyo hakuna aliyeambulia kitu. Sista ndiye aliyeuona mfuko umechungulia kwenye pochi. Wachina wale walicheka mpaka wakashikana mabega, na yule daktari wa pili akaondoka na mfuko, sijui kwa uchunguzi gani.

Basi ubuyu baadaye. Kahawa nyeusi nayo isubiri, na ulimi usiusugue kwa mswaki asubuhi hiyo ukadhani unamfanyia daktari adabu. Unamfutia ubao aliotaka kuusoma.

Baada ya ulimi huja maswali, na hapo ndipo sauti ya yule kijana inapofanya kazi. Daktari huuliza kwa Kichina, taratibu, karibu kwa kunong'ona. Kijana hutafsiri kwa jukwaa zima. "Mzee, anauliza haja kubwa unapata kila siku?" Nilitikisa kichwa kukubali, nikitumaini yameisha. "Anauliza ni ngumu au laini?" Nje kwenye benchi mtu alikohoa. Wataulizia usingizi, jasho la usiku, mkojo, hamu ya kula, na kwa wanawake hedhi, yote kwa sauti hiyohiyo, na kati yako na benchi pana pazia la kitambaa cha maua.

Watu wengi huanza kudanganya hapo, na mimi siwalaumu. Ila yapo mambo ambayo ukiyaficha utajiumiza mwenyewe. Mjamzito aseme, hata kama ni mimba ya wiki chache, kwa sababu vipo vituo vya kudunga mwilini ambavyo kwa desturi havidungwi mwenye mimba, mojawapo kile kiitwacho Hegu, kilicho kati ya kidole gumba na cha shahada. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda aseme. Mwenye kifaa cha kusaidia moyo kifuani aseme, maana sindano nyingine huunganishwa na umeme. Mwenye kisukari ambaye nyayo zake hazisikii tena vizuri aseme. Nilimsikia binti mmoja akiulizwa kama ni mjamzito, mkwe wake ameketi palepale miguuni pa kitanda. "Hapana," akasema. Mkwe alipotoka kwenda kupokea simu, nikasikia: "Dada, mwambie daktari ndiyo." Aliyekusindikiza, hata kama ndiye aliyelipa, mwache kwenye benchi.

Na mgongo usiupeleke huko kama umekuja na homa, au miguu imekufa ganzi, au mkojo hauzuiliki. Huo ni mgongo wa hospitali, siku hiyohiyo. Dawa za presha na sukari nazo zinaendelea kumezwa. Sijasikia daktari wa maana akimwambia mtu aache, isipokuwa wale wa kwenye mabango.

Tule sasa. Nasema tule kwa sababu kuna imani kwamba mtu anayekwenda kudungwa aende tumbo tupu, imani iliyotoka kwenye vipimo vya damu ikahamia huku bila ruhusa. Njaa, joto, woga na sindano vikikutana, mtu huanguka. Na waangukao si wale tunaowadhania. Bibi vizee wa pale hulala wakadungwa huku wakisimulia harusi. Aliyeanguka mbele yangu alikuwa baunsa, kijana mwenye shingo pana kuliko kichwa, aliyeingia akisema yeye haogopi kitu. Alikataa kulala; alitaka adungwe bega ameketi. Alipoiona sindano ya kwanza, kabla hata haijamgusa, macho yalipanda juu, akateremka kitini polepole na kwa heshima zote. Ilibidi watu wanne, akiwemo muuza ubuyu aliyeitwa kutoka chini. Walimlaza, wakamwinua miguu, akapewa chai ya sukari. Alipozinduka aliuliza kama imeshaingia. Ndiyo maana mgeni hulazwa: aliyelala hana pa kuangukia. Kula kitu cha wastani saa moja au mbili kabla, chapati na chai zatosha. Biryani si wazo zuri kwa mtu atakayelalia tumbo. Kama umefunga, afadhali uombe nafasi ya baada ya futari. Kuhusu sindano kubatilisha saumu, sheikh wako yupo.

Haya, zinauma? Sindano tunayoijua sisi, ile ya zahanati iliyotufanya turuke dirisha la darasa, ina tundu ndani yake ili dawa ipite, na unene wake wa kawaida ni kama milimita 0.8. Hii ya Kichina haina tundu, haina dawa, na unene wake mara nyingi ni milimita 0.25. Inaweza kupita ndani ya tundu la ile ya zahanati na nafasi ikabaki. Huja ndani ya mrija mdogo wa plastiki. Daktari husimamisha mrija juu ya ngozi, hugonga kichwa cha sindano kwa kidole, tap, na imeshaingia wakati wewe bado unakaza meno. Ninayoihofia kweli ni nyingine: iliyokwisha kutumika. Sindano hizi huja kwenye pakiti iliyofungwa, hutumika mara moja, hutupwa kwenye kile kisanduku cha njano. Taka pakiti ifunguliwe macho yako yakiona. Homa ya ini aina ya B haijui kama umekuja kwa ajili ya mgongo. Ukiona sindano zinatoka kwenye kikombe cha spiriti, vaa suruali yako uondoke, na kama ni ya jinsi, anza kuivaa mapema.

Baada ya kuingia, daktari huzungusha sindano kidogo, akikuangalia usoni. Anachokitafuta si "aa!" ya kuchomwa. Anatafuta uzito, mvuto wa ndani, ganzi inayotambaa, maumivu ya mbali yasiyo na ncha. Wao husema hapo nguvu ya mwili, chi, imefika. Madaktari wa kisasa wanasema ni neva na misuli. Mimi nilisema "mamaaa", na daktari akafurahi sana. "Uma?" Uma. "Zuri!" Chini ya goti, upande wa nje, kuna kituo maarufu kinachoitwa Zusanli, jina linalohusu li tatu, kipimo cha masafa cha Kichina, li moja ni kama nusu kilomita. Wenyewe husimulia kwamba msafiri aliyechoka akibonyezwa hapo hupata nguvu ya kutembea li tatu zaidi. Kilomita moja na nusu si haba kwa mtu aliyekosa nauli.

Kama unaogopa kwamba wanabahatisha, jifariji na hili: mwaka 1027, enzi ya Song, daktari wa ikulu aitwaye Wang Weiyi alisimamia kutengenezwa kwa sanamu za shaba za ukubwa wa mtu, zenye vitundu kwenye kila kituo. Wakati wa mtihani sanamu ilipakwa nta nje na kujazwa maji ndani. Mwanafunzi alidunga, maji yakitoka amefaulu, yasipotoka arudi kwao. Najua kwamba daktari wangu hakufanya mtihani huo, lakini nikiwa nimelala huwa najifanya sijui.

Sasa tufike penye shida yenyewe. Sindano zikishaingia utaachwa. Dakika 20, wakati mwingine 30, pazia limefungwa, feni inazunguka, na amri ni moja: usijitikise. Hapa ndipo Mswahili anapojaribiwa. Mtu mwingine aliyelelewa katika nchi ambazo watu hawasemeshani kwenye lifti anaweza kuwa na amani. Sisi tulifundishwa kwamba mtu mzima akiingia unainuka, akisalimia unaitikia, ukimkuta kimya unaanza wewe, na ukikaa naye chumba kimoja bila kujua kwao ni wapi, una kiburi.

Upande wa pili wa pazia palikuwa na kitanda. Kwenye kitanda, kikohozi cha mtu mwenye nyumba zake.

"Nani huyo hapo?"

Uso wangu ulikuwa umezama kwenye tundu la kitanda, naziangalia kandambili za sista. Kumsalimia mzee umelala, tena umempa kisogo, tena mgongo mtupu, kwetu ni kosa la kupelekwa kwa babu. Ila kuinuka ni kuinuka na sindano.

"Ni mimi, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Mbona sauti inatokea sakafuni?"

"Nimelala kifudifudi, mzee."

"Aa. Mimi chali. Kwenu wapi?"

"Tabora."

Akanyamaza kidogo. "Mnyamwezi?"

"Mnyamwezi, mzee."

"Mimi Mzaramo wa Kisarawe," akasema, na nikajua nimekwisha.

Kwa ambaye hakuzaliwa huku: Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, babu zetu walipokuwa wakishuka pwani na mizigo mabegani. Mtani ana haki ya kukutukana popote, hata msibani. Tena hasa msibani. Adabu yote niliyokuwa nikijisumbua nayo ikafutwa hapo hapo, na badala yake yakaja makubwa zaidi.

"Babu yako alikuja pwani kabeba meno ya tembo ya watu," akaanza. "Wewe umekuja kubebeshwa sindano. Ukoo wenu mtapumzika lini kubeba vitu?"

Nilibana pumzi. "Mtani, nitakujibu nikitoka."

"Hutoki. Na ukifia hapo mimi ndiye nitakayekuja matangani kudai hizo sindano. Chuma hicho. Nauza skrepa, nanunua pilau, nawalisha nduguzo."

Kucheka ukiwa na sindano za mgongoni ni jambo linalohitaji utaalamu. Msuli ukikaza ghafla huishika sindano, huivuta, unaweza hata kuipinda, na utasikia maumivu ambayo Mchina hakuyapanga. Nilicheka kwa pua. Nilicheka kwa vidole vya miguu. Sista akaja mbio: "Baba, usicheke." Hivi kuna mtu amewahi kuacha kucheka kwa kuambiwa usicheke? Daktari naye akaja, "tulia, baba, tulia," akaweka kiganja kiunoni mpaka msuli ulipolegea. Mzee kule akauliza kwa upole kama mgonjwa amekata roho, ili ajue kama apige simu Tabora.

Chafya ni hivyohivyo. Ukiihisi inakuja, sema mapema. Sista huja kuushika mgongo, na wewe unapiga kidogo kidogo. Simu izime, usiiweke kwenye mtetemo ndani ya suruali iliyotundikwa msumarini, maana itatembea na suruali mpaka chini, na wewe utasikiliza mambo yote hayo bila kuweza kufanya lolote. Mbu hana ushauri. Mbu akitua juu ya bega lililodungwa, mwachie. Huo ni mchango wako.

Siku nyingine waliniunganisha na umeme. Ni kiboksi kidogo cha betri chenye nyaya na vibanio, wanabana kwenye sindano mbili mbili, na mkondo mdogo unaanza kugonga. Ukiongezwa kidogo, msuli unaruka wenyewe. Mguu wangu ulianza kucheza singeli, peke yake, bila kunishauri, mimi wa juu nikiwa mtu mzima mwenye familia. Kisha umeme wa mtaa ukakatika. Feni ikasimama, taa ya joto iliyokuwa ikinipasha kiuno ikazima, chumba kikawa giza, na kimya chote kile kikajaa sauti ya kisigino kikigonga kitanda: tu-tu-tu-tu. Maana kiboksi kina betri.

"Huyo nani anacheza?" mtu akauliza gizani.

Yakiisha, inuka taratibu. Wapo wanaosikia kizunguzungu, wapo wanaosikia njaa ya ajabu, wapo wanaotaka kulala hapo hapo. Kitone cha damu au alama ya bluu ni kawaida. Kifua kikianza kubana au pumzi kukatika baada ya kudungwa kifuani au mabegani, hilo si la kawaida hata kidogo, ni nadra lakini ni la kukimbilia hospitali. Kama wamekuumika kwa vile vikombe, utatoka na miduara ya zambarau mgongoni kwa siku kadhaa. Dunia iliiona kwa muogeleaji Michael Phelps kwenye Olimpiki ya Rio mwaka 2016. Yeye aliulizwa na waandishi wa habari, wewe utaulizwa na mama mkwe. Na kama wamekufukizia moksa, yaani majani makavu ya mmea wa jamii ya pakanga yanayochomwa karibu na ngozi, ujue moshi wake unanukia bangi. Sikuzi. Nilipanda daladala jioni ile, na konda, kijana mwenye macho mekundu na uzoefu wake, akavuta pumzi mara mbili, akaniangalia kwa heshima mpya, akakataa nauli yangu.

Je, zinaponya? Hapa majisifu yamekuwa mengi kuliko sindano. Julai 1971 mwandishi wa New York Times, James Reston, aliugua kidole tumbo akiwa Beijing. Alipasuliwa kwa ganzi ya kawaida ya hospitali. Sindano alidungwa baadaye, kutuliza tumbo lililojaa gesi na maumivu. Akaandika hivyohivyo. Lakini hadithi ilipovuka bahari, watu wakasimuliana kwamba alipasuliwa macho makavu kwa nguvu ya sindano tupu, na wapo wanaosimulia hivyo hadi leo. Utafiti mkubwa wa Ujerumani uliotolewa mwaka 2007 uliwachukua wagonjwa 1,162 wa mgongo sugu, ukawagawa makundi matatu. Kati ya waliodungwa kwa utaratibu wa Kichina, waliopata nafuu walikuwa asilimia 47.6. Kati ya waliopewa matibabu ya kawaida, yaani dawa na mazoezi, asilimia 27.4. Mpaka hapo Wachina wanashangilia. Kundi la tatu lilidungwa juu juu, mahali pasipo kituo chochote, na waliopata nafuu humo walikuwa asilimia 44.2.

Nilimsomea mke wangu takwimu hizo mezani. Akasema: "Kwa hiyo yule mama anaweza kukudunga popote?" Nikasema karibu popote. Akasema basi sindano za kushonea ziko kabatini, tuokoe nauli.

Mimi nimebaki na yule mama wa Kariakoo, na sababu yangu si ya kisayansi. Mgongo umepungua kelele. Lakini katika miezi hiyohiyo nimebadilisha kiti, nafanya yale mazoezi ya hospitali, na shangazi hajaacha kunisugua mafuta ya nyonyo, naye ndiye anayechukua sifa zote kwenye vikao vya ukoo. Shemeji anasema yule mtu wa ofisini amehamishwa kituo. Ukiniuliza nani ameniponya sitathubutu kujibu, wote hao wana namba yangu ya simu. Ninachokushauri ni hiki tu: usinunue tiketi ya mikupuo mingi siku ya kwanza, hata wakikupunguzia bei. Dungwa mara chache, ujione. Kama hakuna kilichobadilika, aga vizuri.

Na sindano zihesabiwe. Hili sikulisoma popote, nilifundishwa na mtani wangu wa Kisarawe. Yeye hudungwa magoti, na kwa sababu ya usingizi wake mbaya huongezewa moja utosini. Ya utosini huingizwa kwa kulazwa chini ya ngozi ya kichwa, haisimami wima, na baada ya muda hata mwenyewe huisahau. Siku moja sista alizitoa za magoti, mzee akainuka, akavaa kanzu, akavaa kofia yake ya viua, akaniachia tusi la kuagia, akateremka ngazi. Sista akahesabu trei. Akahesabu tena. Akahesabu pakiti. Akatoka mbio na glavu mkononi.

Mzee hakuwepo mtaani. Simu yake iliita bila kupokelewa, kwa kuwa alikuwa msikitini kwenye Alasiri, mstari wa mbele. Sujudu, bahati nzuri, ni kwa paji la uso, kwa hiyo alimaliza rakaa zake nne salama na utosi wake una chuma. Walimpata barazani akinywa kahawa. Sista akamweleza, mkalimani akamweleza tena, na kwa sauti ile baraza zima likaelewa. Mzee akavua kofia, akapapasa, akaikuta. Hakushtuka. Alikaa akifikiri, kisha akamuuliza sista, "Hii moja mmenitoza shilingi ngapi?"

Akatajiwa.

"Na ndani yake ni dakika thelathini tu?"

"Ndiyo, mzee."

Akairudisha kofia kichwani. "Basi niacheni nayo mpaka Magharibi, iniletee usingizi. Hizo saa za ziada mtazikata kwenye deni la Mnyamwezi."